Stilwaya, Fataki na Kamba ya Katani: Uchambuzi wa Kisa cha Mtaa Mmoja wa Tanga

Maelezo ya awali

Kisa hiki, cha banda lililoungua mkesha wa mwaka mpya na kanuni tulizoandika baada yake, kilitokea katika mtaa mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga. Namba ya barabara, miaka, na kila alama ambayo ingemtambulisha mtu au biashara yake vimeondolewa. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za kamati iliyoshughulikia jambo hili, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza niliyasikia mwenyewe nikiwa na kalamu mkononi, na baadhi ya makosa nitakayoyataja yalipita mbele yangu nisiyazuie. Ninakieleza kwa ajili ya wenyeviti, watendaji na wajumbe wa mitaa ambao kila Desemba hujikuta wakiandika tangazo lilelile na kuona likipuuzwa vilevile.

Usuli

Nyumba za mtaa huo ni za Kiswahili kama zilivyo nyingi za Ngamiani: baraza mbele, ukumbi katikati, ua nyuma, paa la bati. Makuti hayajatoweka, lakini yamehama kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye vibanda. Mama lishe huezeka makuti kwa sababu bati huchemka saa sita mchana na wateja hawakai. Mwuza kahawa naye ana banda lake, na fundi seremala amejenga kipenu cha makuti juu ya mbao zake, na chini ya kipenu hicho takataka za randa hulala mpaka zipate mtu wa kuzichukua. Vibanda vitatu vya namna hiyo vilikuwa ndani ya hatua arobaini kutoka njia panda kuu ya mtaa.

Njia panda hiyo ndiyo iliyokuwa uwanja wa mkesha wa mwaka mpya. Vijana walichoma matairi katikati ya barabara na kupiga fataki, na wadogo walikuwa na mchezo wao wa stilwaya. Asiyeujua mchezo huo aelewe hivi: stilwaya ile ya kusugulia masufuria hufumuliwa kidogo ili ipitishe hewa, hufungwa kwenye ncha ya waya mrefu kama mkono, huwashwa kwa kiberiti, kisha mtoto huizungusha kwa nguvu pembeni mwake. Chuma hicho chembamba hushika moto kweli, na cheche zake hutoka zikiwa duara kamili la dhahabu linaloonekana kutoka mwisho wa barabara. Inapendeza sana kuitazama, na sitajifanya kwamba sikuwahi kuizungusha.

Usiku wenyewe

Saa sita kamili usiku vilisikika kwa pamoja honi, fataki na vifijo, na ndani ya sauti hizo milio miwili mizito ambayo watu wachache waliitofautisha. Ilijulikana baadaye kwamba mlinzi wa ghala moja la jirani alikuwa amepiga bunduki hewani kusherehekea. Dakika kama kumi baadaye banda la mama lishe lilianza kuwaka upande wa juu. Mwanamke aliyeliona kwanza alipiga yowe, na yowe lake likachukuliwa kuwa la shangwe. Watu wa nyumba ya jirani walikiri kwamba walilisikia wakaendelea kula pilau.

Moto ulizimwa kwa maji ya madumu na mchanga kabla gari la zimamoto halijafika, kwa kuwa matairi yaliyokuwa yakiwaka njia panda yalilizibia njia na likalazimika kuzungukia barabara ya nyuma. Hakuna aliyeumia. Banda liliteketea pamoja na viti, meza mbili na mfuko wa unga. Kipenu cha seremala kiliponea chupuchupu.

Asubuhi kila mtu alisema ni fataki. Mwenyekiti wa mtaa, mzee asiyependa haraka, aliomba majivu yasifagiliwe. Pembeni mwa banda tuliokota waya uliopinda wenye fundo la stilwaya iliyoungua, na juu ya bati la nyumba ya jirani, mtu aliyepandishwa kwa ngazi alikuta chembe nyeusi za chuma, ndogo kama ulezi. Mabaki ya fataki yalikuwepo, lakini yote yalikuwa upande wa pili wa barabara, na usiku ule upepo ulivuma kutoka baharini kuelekea bandani, jambo ambalo halikutosha kuwatoa hatiani wapiga fataki ila lilitosha kutufanya tuache kuwataja wao peke yao.

Uamuzi wa kwanza: tangazo la kukataza vyote

Juma hilohilo tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya mtendaji na kusomwa kwa kipaza sauti. Lilisema kwamba ni marufuku kuchoma moto, kupiga fataki na kufanya kelele nyingi karibu na makazi, na kwamba atakayekaidi atatozwa faini. Sababu ya kuandika hivyo inaeleweka: mama lishe alikuwa amekaa barazani kwa mwenyekiti akilia, na kamati ilitaka ionekane imefanya kitu.

Tangazo halikufika mbali. Siku ya Idd watoto walizungusha stilwaya mbele ya ofisi yenyewe, na walipokemewa mmoja wao alijibu kwa adabu kabisa: “Babu, hii si fataki, ni ya kuoshea vyombo.” Kwa maandishi yetu mtoto alikuwa sahihi. Kisha ikaja harusi yenye fataki zilizokuwa na kibali cha polisi, na mwenye harusi akauliza kama tangazo la mtaa linazidi kibali cha polisi. Na ile faini ilikuwa neno tupu, kwa kuwa mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria wala kutoza. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri, hupita kwenye baraza la madiwani, huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Jambo hili mtendaji alilijua, nami nililijua, na hatukusema.

Sheria za kale zinaletwa mezani

Mjumbe mmoja, karani mstaafu wa mahakama, alipendekeza kwamba kabla ya kuandika tena tutazame miji mingine iliandika nini ilipokuwa na paa za nyasi na vijana wenye baruti. Baadhi ya wajumbe walicheka, wakauliza Tanga na London zina undugu gani. Undugu ulipatikana kwenye paa. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1212, London iliagiza kwamba nyumba mpya zisiezekwe tena kwa matete wala nyasi. Sheria ile ilishughulikia kinachoshika moto. Ile ya kushughulikia kinachotoa cheche ilikuja karne nyingi baadaye: mwaka 1697 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kurusha fataki, na likamtia hatiani hata mwenye nyumba aliyeruhusu zirushwe kutoka kwake kwenda barabarani.

Hapo palizuka mjadala mrefu kuliko yote. Seremala alitaka makuti yakatazwe, akidai kwamba London ilianza na paa na sisi tuanze na paa. Mama lishe, ambaye alikuwa ameanza kujenga upya, alisimama akasema, “Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeunguliwa, na sasa mimi ndiye wa kununua bati?” Hakuna aliyekuwa na jibu, na pendekezo la paa likafa papo hapo. Ninaamini lilistahili kufa. London ilipoandika juu ya paa ilikuwa inagawa gharama kwa kila anayejenga nyumba. Sisi tungeibebesha gharama hiyo vibanda vitatu vya watu wa kipato kidogo kuliko wote mtaani.

Karani alituonyesha pia kwamba Waingereza walikuwa wamejiwekea mtego. Tangu mwaka 1606 sheria iliwaagiza wamshukuru Mungu kanisani kila tarehe 5 Novemba, kwa kukumbuka mapipa 36 ya baruti yaliyogunduliwa chini ya Bunge mwaka 1605 kabla hayajalipuliwa. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1859. Watu wakaikumbuka siku hiyo kwa moto na fataki, na huku sheria ya 1697 ikikataza fataki hizo. Serikali iliagiza sherehe na kukataza namna watu walivyoisherehekea, na moto wa Novemba ukaendelea kuwaka. Mzee mmoja mwenye asili ya Unguja alidakia kwamba Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, banda la makuti huchomwa kila mwaka na mji hauungui, kwa sababu banda hujengwa makusudi na huchomwa uwanjani, mbele ya wazee. Kauli yake hiyo fupi ilituelekeza kuliko karatasi zote za karani.

Kwa upande wa bunduki, Peter Stuyvesant, gavana wa Waholanzi katika mji ambao sasa ni New York, alikataza mwishoni mwa mwaka 1655 kupiga bunduki siku ya mwaka mpya, akilalamikia ulevi, fujo na baruti inayopotea bure. Mwaka 1721 bunge la Pennsylvania liliweka faini ya shilingi tano kwa anayepiga bunduki au kuuza fataki katika mji wa Philadelphia bila kibali maalumu cha gavana, na liliyafanya hayo ndani ya sheria ya kuzuia ajali za moto. Wajumbe waliuliza bunduki inahusianaje na moto. Anayelijua gobore anajua jibu: baruti hushindiliwa pamoja na tambara au karatasi, na linapolia, tambara hilo hutoka likiwa linafuka na kuangukia popote. Kwenye mji wa mbao, bunduki iliyopigwa hewani ilikuwa kibiriti kilichotupwa juu ya paa la jirani. Hata mwambaoni kwetu, misafara kutoka bara ilipiga bunduki kutangaza kwamba imefika, na ilifanya hivyo ikiikaribia miji iliyojaa makuti.

Vifungu viwili vilitukalisha muda mrefu zaidi. Cha kwanza ni kifungu cha 72 cha sheria ya barabara kuu ya Uingereza ya mwaka 1835, kilichokataza kuwasha moto, kupiga bunduki ovyo au kurusha fataki ndani ya futi 50 kutoka katikati ya barabara ya magari. Cha pili ni kifungu cha 28 cha sheria ya polisi wa miji ya mwaka 1847, iliyoandikwa kama kielelezo cha vifungu ambavyo mji ungeweza kuvichukua na kuviingiza katika sheria yake wenyewe. Hicho kilimwadhibu, kwa faini isiyozidi shilingi 40 au kifungo kisichozidi siku 14, anayepiga bunduki ovyo, kuwasha moto au kufyatua fataki barabarani kwa namna inayoziba njia, kuudhi au kuhatarisha wakazi na wapita njia. Kile cha 1835 kina kipimo. Cha 1847 kina maneno ambayo lazima mtu aje ayathibitishe. Tangazo letu lilikuwa na maneno tu, tena mabovu kuliko ya 1847, kwa sababu “karibu” na “kelele nyingi” havikumwambia mtu aangalie nini ili ajue kama amekosa.

Uamuzi wa pili

Rasimu mpya iliitwa makubaliano ya mtaa, na neno faini halikuwemo. Futi 50 ni kama mita 15, na kipimo hicho tulikichukua kama kilivyo, si kwa heshima ya Waingereza bali kwa sababu kijana mmoja alizungusha stilwaya uwanjani tukaona cheche ya mbali kabisa ikianguka chini ya mita tisa. Tulinunua kamba ya katani, tukaipiga fundo kila mita, tukapima kutoka kwenye nguzo ya umeme iliyo karibu na vibanda, kisha tukachora mstari wa rangi nyeupe barabarani. Ndani ya mstari, hakuna moto wala cheche ya aina yoyote.

Kwa makusudi hatukuandika orodha ya vitu. Sheria ya 1697 ilitaja aina za fataki kwa majina na kumalizia kwa kusema “au fataki nyingine”, lakini stilwaya si fataki, inauzwa dukani karibu na sabuni. Tuliandika tendo: kuwasha, kuzungusha au kurusha kitu chochote kinachotoa cheche au moto nje ya nyumba.

Jambo la tatu lilikuwa kiwanja. Mwenye shule moja ya jirani alikubali uwanja wa mpira utumike kuanzia saa tatu usiku hadi saa saba, kukiwa na mapipa mawili ya maji na wazee wanne. Matairi hayakuruhusiwa hata huko, kwa ajili ya moshi. Badala yake vijana walikusanya vifuu na magogo ya miembe.

Mambo mawili yaliletwa yakakataliwa. Sheria ya 1697 ilimpa aliyeshtaki nusu ya faini, na mjumbe mmoja akataka anayetoa taarifa kwetu naye apewe kitu. Bibi mmoja aliuliza, “Mwanangu, kesho nitamwazima nani chumvi?” Hoja ikaishia hapo. Kifungu cha bunduki tulikiandika, tukakifuta. Risasi za siku hizi haziangushi tambara linalowaka, na silaha zina sheria yake ya nchi ya mwaka 2015. Kazi ya mtaa ni kutoa taarifa polisi, jambo ambalo kwa mlinzi yule lilikuwa halijafanyika kwa mwaka mzima kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ametoa.

Matokeo

Mkesha uliofuata hakuna kilichoungua. Uwanjani walifika watu wengi, wakiwemo wazazi ambao hawakuwa na kawaida ya kutoka. Watoto walizungusha stilwaya wakiwa wamejipanga mstari, na mmoja wa wazee wanne alionekana akiomba azungushe mara moja.

Lakini matairi yaliwaka. Yaliwaka kwenye barabara inayotutenga na mtaa wa pili, upande wao, hatua chache kutoka mpaka, na baadhi ya waliowasha walikuwa vijana wetu. Mwenyekiti wa mtaa ule alilalamika kwamba tumemhamishia uchafu, na hakukosea. Harusi mbili zilipiga fataki kwa vibali vya polisi ndani ya mstari mweupe. Moja ilihama baada ya kuombwa, ya pili haikuhama.

Uchambuzi

Kilichobeba kazi yote, kwa maoni yangu, ni mstari. Mtoto hakuhitaji kuelezwa nini maana ya hatari, na mzazi hakuhitaji kugombana na jirani kuhusu kiasi cha kelele. Aliyekuwa ndani ya rangi alijiona, na waliomwona nao walijua. Wajumbe wengine wanasema ni uwanja ndio uliosaidia. Sikatai kwamba bila uwanja mstari ungerukwa kabla ya saa nne, ila siku za Idd uwanja haukufunguliwa na bado watoto walikaa nje ya rangi.

Kuchunguza majivu kulitusaidia zaidi ya nilivyofikiri wakati ule. Kama mwenyekiti angeacha pafagiliwe, tungeandika sheria nzuri sana dhidi ya fataki, na stilwaya ingeendelea kuzunguka.

Kosa kubwa lilikuwa kuanza na adhabu tusiyokuwa na mamlaka nayo. Tangazo lile la kwanza liliwafundisha watu kwamba karatasi ya mtaa haina meno, na tulitumia miezi kadhaa kuwashawishi waisome ya pili. Kosa jingine, ambalo hatujalirekebisha, ni kuwasahau wauzaji. Sheria ya 1697 na ile ya Philadelphia zote zilimgusa mwuzaji. Sisi hatukumwita mwenye duka hata mmoja, ingawa wawili kati ya wajumbe wana maduka na fataki hupangwa mbele ya kaunta kuanzia katikati ya Desemba. Labda ndiyo sababu hatukuwaita.

Suala la vibali ni gumu zaidi. Sheria ya Philadelphia iliweka kibali mkononi mwa gavana mmoja aliyeishi mji uleule. Kwetu mwenye harusi huchukua kibali mahali ambapo hakuna anayejua vibanda viko wapi, na kibali hakitaji umbali. Tuliandika barua kuomba kwamba mwombaji apitie kwanza kwa mtendaji wa mtaa, na hilo limeanza kufanyika kwa baadhi ya maombi.

Rasimu ilipelekwa kwenye kata na kutoka huko halmashauri, ili ifikiriwe kuwa sheria ndogo. Ilirudishwa ikiwa na swali moja la mwanasheria: mita 15 zinapimwa kutoka wapi? Tulijibu kwa kujiamini kwamba ni kutoka kwenye nguzo ya umeme. Wiki tatu baadaye nguzo ile ya mti iling’olewa, na ya zege ikasimikwa hatua nne mbele, karibu na duka la kona, na mstari wetu mweupe ukabaki haupimwi kutoka popote. Karani mstaafu alitukumbusha bila kucheka kwamba mwaka 1835 walipima kutoka katikati ya barabara, ambayo haing’olewi. Kwenye rasimu ya sasa umbali unapimwa kutoka ukingo wa paa la makuti lililo karibu zaidi, popote litakapokuwa siku hiyo, na kamba yenye mafundo imetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya mtendaji kwa yeyote atakayetaka kupima.